Mcheza Kwao Hutuzwa: Uhakiki wa Nafasi ya Afrika katika Tuzo za Tony za Marekani, 1975–2024

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Tuzo za Tony, ambazo hutolewa kila mwaka jijini New York kwa tamthiliya na michezo ya muziki ya Broadway. Kazi kumi zinazoisawiri Afrika au Waafrika, zilizowania tuzo hizo kati ya mwaka 1975 na 2024, zimechunguzwa kwa kutumia mambo manne ya sanaa za maonyesho yaliyobainishwa na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Makala yanabainisha kwamba Afrika imetuzwa mara nyingi kwa maleba, dansi, mwanga, sauti na uigizaji, lakini neno lililoandikwa na Mwafrika halikupata tuzo yoyote ya ushindani miongoni mwa kazi hizo. Hoja kuu ni kwamba hali hii haitokani na chuki ya wapiga kura, bali na namna tuzo zenyewe zinavyoigawa kazi ya sanaa katika vipengele.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno tuzo lina asili ya uwanjani. Katika ngoma na taarabu, mtazamaji aliyeguswa huinuka, akamwendea mchezaji au mwimbaji na kumtuza palepale, mchezo ukiwa unaendelea. Methali isemayo kuwa mcheza kwao hutuzwa inajengwa juu ya desturi hiyo. Anayetuza yupo, anaona, na anamfahamu anayecheza. Tuzo inayotolewa na taasisi ni jambo la namna nyingine. Hutolewa baada ya mchezo, kwa kura ya siri na kwa kanuni zilizoandikwa. Swali la nani yuko kwao na nani ni mgeni halitoweki kwa sababu hiyo, bali huhamia ndani ya kanuni.

Tuzo za Tony ni mfano unaofaa kulichunguza swali hilo. Zilianzishwa na taasisi ya American Theatre Wing kwa kumbukumbu ya Antoinette Perry, mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji aliyefariki mwaka 1946. Hafla ya kwanza ilifanyika Aprili 6, 1947 katika hoteli ya Waldorf Astoria. Tangu mwaka 1967 hafla hiyo imekuwa ikirushwa na televisheni nchini kote Marekani, na leo tuzo hizi huhesabiwa kuwa heshima ya juu kabisa katika maonyesho ya jukwaani nchini humo.

Kwa wahakiki wa Afrika, tuzo hizi zimezoeleka kutajwa kwa hesabu ya jumla. Husemwa kuwa The Lion King ilipata tuzo sita mwaka 1998, au kwamba Fela! iliteuliwa katika vipengele 11 mwaka 2010. Hesabu hizo ni za kweli, lakini hazielezi ni kitu gani hasa kilichotuzwa. James English, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu uchumi wa tuzo, ameonyesha kwamba tuzo ni chombo cha kuzalisha na kugawa hadhi. Ikiwa ni hivyo, hatua inayofuata ni kuuliza hadhi hiyo inagawiwa kwa sehemu gani ya kazi, na kwa nani.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), Muhando na Balisidya wanaeleza kuwa sanaa za maonyesho hukamilika kwa kuwapo mambo manne: dhana inayotendeka, yaani mchezo, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Uzito wa maelezo hayo uko katika umoja wa mambo hayo. Katika ngoma, kwa mfano, neno, mwendo, vazi na mlio wa ala havitenganiki, na anayetunga mara nyingi ndiye anayetenda.

Mkabala huu unafaa hapa kwa sababu Tuzo za Tony hufanya kinyume chake. Huivunja kazi moja katika vipande na kukipa kila kipande shindano lake: tamthiliya bora, mchezo bora wa muziki, matini bora ya mchezo wa muziki, muziki na mashairi bora ya nyimbo, uongozaji, uigizaji, dansi, mandhari, maleba, mwanga na sauti. Mgawanyo huo si wa asili wala wa kudumu. Vipengele vya usanifu wa sauti viliondolewa baada ya msimu wa 2013/14, kisha vikarejeshwa katika msimu wa 2017/18. Kinachoweza kutuzwa hivyo basi ni uamuzi wa watu, na uamuzi wowote wa watu unaweza kuhakikiwa.

Kazi zinazochunguzwa ni Sizwe Banzi Is Dead na The Island (1975), "Master Harold"... and the Boys (1982), Sarafina! (1988), The Lion King (1998), Aida (2000), Fela! (2010), The Book of Mormon (2011), Eclipsed (2016) na Jaja's African Hair Braiding (2024). Miaka iliyo mabanoni ni ya hafla za tuzo, si ya utunzi.

3.0 Uwanja: Viti 500 na Maana ya Kwao

Kanuni ya kwanza ya Tuzo za Tony inahusu uwanja. Kazi haiwezi kuwania tuzo za ushindani isipokuwa imechezwa katika mojawapo ya kumbi 41 za Manhattan zinazotambuliwa kuwa za Broadway, zenye viti 500 au zaidi. Kumbi nyingine zote za Marekani ziko nje ya shindano, na kwa kumbi za majimbo imetengwa tuzo moja ya heshima.

Athari ya kanuni hii inaonekana katika Sarafina! ya Mbongeni Ngema. Mchezo huo kuhusu wanafunzi wa Soweto ulianzia katika ukumbi wa Market mjini Johannesburg mwaka 1987, ukaletwa New York mwaka huohuo katika ukumbi wa Mitzi E. Newhouse wenye viti 299. Ungebaki hapo, usingeweza kuteuliwa. Januari 1988 ulihamishiwa ukumbi wa Cort katika Broadway, na miezi michache baadaye ukateuliwa katika vipengele vitano. Kazi ilikuwa ileile, na waigizaji ni walewale. Kilichobadilika ni idadi ya viti na bei ya kuvijaza. Eclipsed ya Danai Gurira nayo ilipitia njia hiyo, kutoka ukumbi wa Public mwaka 2015 hadi John Golden mwaka 2016.

Kwa hiyo kwao katika tuzo hizi si nchi wala lugha, bali ni mtaji unaoweza kukodi ukumbi mkubwa. Kazi ya Kiafrika hufika mbele ya wapiga kura ikiwa tayari imechujwa na wawekezaji waliokadiria kama itauzika. Uhakiki wowote wa matokeo unapaswa kuanzia kwenye mchujo huu, kwa kuwa wapiga kura hawawezi kukipa kura ambacho hakikuletwa mbele yao.

4.0 Mtendaji: Tuzo Moja kwa Watu Wawili

Mwaka 1975 John Kani na Winston Ntshona walishinda kwa pamoja tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamthiliya, kwa Sizwe Banzi Is Dead na The Island. Tamthiliya hizo mbili zilitungwa na watu watatu, Athol Fugard, Kani na Ntshona, kwa njia ya kubuni wakiwa jukwaani, katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Waigizaji hao walikuwa pia watunzi wa maneno waliyoyasema.

Uamuzi wa kuwapa watu wawili tuzo moja ni wa kuzingatiwa sana. Wapiga kura walikiri kwamba utendaji huo haukuweza kugawanywa kati ya Kani na Ntshona. Hawakukiri, hata hivyo, kwamba haukuweza pia kugawanywa kati ya mtendaji na mtunzi. Katika kipengele cha tamthiliya bora kazi hizo ziliteuliwa, lakini mshindi akawa Equus ya Mwingereza Peter Shaffer. Sauti na miili ya Kani na Ntshona ilitambuliwa kuwa bora kuliko yote ya mwaka huo, huku tungo zilizotokana na sauti na miili hiyohiyo zikiwekwa nyuma ya nyingine.

Mwaka 1982 hali hiyo ilijirudia. "Master Harold"... and the Boys ya Fugard iliteuliwa kuwa tamthiliya bora, lakini tuzo ilikwenda kwa The Life and Adventures of Nicholas Nickleby. Zakes Mokae, mwigizaji mzaliwa wa Afrika Kusini, alitwaa tuzo ya mwigizaji msaidizi.

5.0 Mchezo: Picha na Neno

The Lion King ndiyo kazi ambayo msomaji wa Kiswahili huikaribia kwa urahisi zaidi, kwa kuwa majina ya wahusika wake yametoka katika lugha yake: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Urahisi huo unadanganya. Majina ni ya Kiswahili, lakini mwito wa kufungulia mchezo ni wa Kizulu, na umetokana na Lebo M, mzaliwa wa Soweto. Afrika inayojengwa jukwaani haina mahali mahsusi. Lugha zake zimechukuliwa kwa mlio wake kuliko kwa maana yake, na mzungumzaji wa Kiswahili pekee ndiye anayesikia kwamba fisi ameitwa kwa tusi.

Mwaka 1998 kazi hiyo ilipata tuzo za mchezo bora wa muziki, uongozaji, dansi, mandhari, maleba na mwanga. Julie Taymor akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya kuongoza mchezo wa muziki. Tuzo za matini na za muziki zilikwenda kwa Ragtime. Hata hivyo, jina la Lebo M lilikuwamo katika uteuzi wa muziki, pamoja na Elton John, Tim Rice na wengine. Miaka miwili baadaye Elton John na Tim Rice walishinda tuzo hiyo ya muziki kwa Aida, hadithi ya binti wa kifalme wa Nubia aliyetekwa Misri.

Fela! inaonyesha vizuri zaidi jinsi kanuni inavyofanya kazi. Mchezo huo ulisimulia maisha ya Fela Kuti kwa nyimbo zake mwenyewe. Kipengele cha muziki kinadai muziki uwe umeandikwa kwa ajili ya jukwaa. Nyimbo za Fela, aliyefariki mwaka 1997, zilitungwa kwa bendi, kwa santuri na kwa ukumbi wake wa Lagos, na hivyo hazikuweza kushindana. Sanaa iliyokuwa kiini cha mchezo mzima ilikosa mlango wa kuingilia. Kati ya vipengele 11 ilivyoteuliwa, Fela! ilishinda vitatu: dansi, maleba na sauti. Mchezo bora wa muziki mwaka huo ulikuwa Memphis, unaomhusu mtangazaji Mzungu anayeupiga redioni muziki wa Watu Weusi.

Katika Eclipsed kinaya ni kikubwa zaidi. Tamthiliya hiyo inawahusu wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Liberia. Ilikuwa ya kwanza katika Broadway kuwa na mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote wanawake Weusi, na Mkenya Lupita Nyong'o aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Moja ya matendo yake muhimu ni la kusoma: msichana anayejua kusoma anawasomea wenzake wasifu wa Bill Clinton, na kwa kusoma huko mateka wanapata nafasi ya kufikiri, kubishana na kucheka. Tamthiliya inayolipa neno nguvu ya kiasi hicho ilitoka na tuzo moja tu, ya maleba. Jaja's African Hair Braiding ya Jocelyn Bioh, kuhusu wasusi wa Afrika Magharibi walioko Harlem, iliteuliwa kuwa tamthiliya bora mwaka 2024. Nayo ilishinda katika maleba, na aliyebuni nywele zake akapewa tuzo maalumu.

6.0 Usiku wa Juni 12, 2011

Hoja hii inapata uthibitisho wake mkubwa katika hafla moja. Fela! ilifunga pazia katika ukumbi wa Eugene O'Neill mwanzoni mwa Januari 2011. Machi mwaka huohuo, katika ukumbi huohuo, ilifunguliwa The Book of Mormon ya Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez, kejeli kuhusu wamisionari wawili vijana wa Kimarekani wanaopelekwa kaskazini mwa Uganda. Juni 12 kazi hiyo ilitwaa tuzo tisa, zikiwamo za mchezo bora, matini na muziki. Katika kazi kumi zinazochunguzwa, hii ndiyo pekee iliyotuzwa kwa matini yake.

Haki inadai isomwe kwa uangalifu. Lengo kuu la kejeli yake ni ujinga wa Wamarekani wanaoidhania Afrika kuwa kama filamu. Mojawapo ya nyimbo zake inamdhihaki mtazamaji aliyeridhika na "Hakuna Matata" ya The Lion King. Zaidi ya hayo, wanakijiji wake wanatunga na kuigiza mchezo wao wenyewe ndani ya mchezo, wakiigeuza imani waliyohubiriwa kuwa mali yao.

Lakini kejeli hiyo inatumia kilekile inachokicheka. Maneno yanayochukua nafasi ya "Hakuna Matata" ni ya kubuni, hayamo katika lugha yoyote ya Uganda, na kichekesho kinategemea mtazamaji asiyeweza kutofautisha. Binti wa kijiji hicho cha kaskazini anaitwa Nabulungi, jina la Kiganda linalotokana na neno la uzuri, na mchezo hautoi sababu ya jina la Buganda kupatikana huko. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki hilo ni kosa la matini, sawa na tamthiliya inayompa mzee wa Kimwera jina la Kihaya bila maelezo. Kosa kama hilo halikuizuia matini hiyo kutangazwa kuwa bora ya mwaka. Mwaka 2020 waigizaji Weusi waliowahi kuucheza mchezo huo waliwaandikia watunzi kueleza wasiwasi wao, na matini ikarekebishwa kabla ya kufunguliwa tena Novemba 2021. Tuzo imebaki kwa matini ya awali.

Usiku huohuo Athol Fugard alipewa tuzo maalumu ya mchango wa maisha, na kikundi cha Handspring cha Afrika Kusini kikapewa tuzo maalumu kwa vikaragosi vya farasi vya War Horse, mchezo usiohusu Afrika kabisa. Hafla moja ilimheshimu mwandishi wa Kiafrika nje ya ushindani, ikawaheshimu mafundi wa Kiafrika kwa kinachoonekana, na ikaitunukia matini kuhusu Afrika iliyoandikwa na watu wasio Waafrika.

7.0 Watazamaji: Wanaopiga Kura na Wanaotazama Nyumbani

Tuzo hizi zina watazamaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wapiga kura, takriban 800, wengi wao wakiwa watu wa fani yenyewe na wa biashara yake, ambao hutakiwa kuwa wameziona kazi wanazozipigia kura. Wa pili ni umma wa televisheni, ambao kwa kawaida haujaziona. Kundi la pili huonyeshwa vipande. Mchezo wa muziki unaweza kukatwa wimbo mmoja wa dakika chache ukajitosheleza. Tamthiliya ya maneno haikatiki hivyo bila kupoteza maana.

Haiwezi kudaiwa kwamba televisheni ndiyo huamua kura. Linaloweza kusemwa ni kwamba huamua kinachokumbukwa. Watazamaji walioiona Fela! kwa dakika hizo waliona dansi. Walioiona The Lion King waliona maleba. Picha hizo ndizo zinazouza tiketi za msimu unaofuata, na mauzo hayo nayo huwashauri wawekezaji ni Afrika ya aina gani iletwe tena uwanjani. Mduara unarudi pale ulipoanzia, katika viti 500.

8.0 Pingamizi na Mipaka ya Hoja

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. Kwanza, kazi kumi ni chache, na ushindi wa kila mwaka hutegemea washindani wa mwaka huo. Into the Woods ya Stephen Sondheim iliyoishinda Sarafina! katika muziki, na Ragtime iliyoishinda The Lion King, hazikuwa kazi dhaifu. Hili ni kweli, na ndiyo maana makala haya hayadai kwamba tuzo yoyote kati ya hizo ilipotea njia. Linalodaiwa ni kwamba mkondo uleule umejirudia kwa karibu miaka 50, chini ya wapiga kura tofauti.

Pili, matini za Kiafrika zimeteuliwa, na uteuzi ni heshima. Hilo pia ni kweli. Lakini uteuzi unaorudiwa bila ushindi, sambamba na ushindi unaorudiwa katika maleba na dansi, unaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha.

Tatu, inaweza kusemwa kwamba kuiona tuzo ya maleba kuwa ndogo ni kurithi dharau ya Ulaya inayoliweka neno juu ya mwili. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote. Kwa mtazamo wa Muhando na Balisidya, vazi na mwendo si mapambo ya mchezo. Ni mchezo wenyewe. Jibu ni kwamba Tuzo za Tony hazilioni jambo hilo hivyo. Katika ngazi zake, tamthiliya bora na mchezo bora wa muziki ndivyo vilele, na maleba huhesabiwa kuwa kazi ya kuvisaidia. Tatizo si kwamba Afrika imetuzwa kwa vazi. Tatizo ni kwamba imetuzwa kwa vazi na taasisi ambayo yenyewe inaamini kuwa vazi si mchezo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mgawanyo wa vipengele katika Tuzo za Tony unaigeuza sanaa iliyotungwa kwa umoja kuwa mkusanyo wa stadi, kisha unazipandisha baadhi ya stadi hizo na kuziacha nyingine. Kazi za Kiafrika zimefika mbali pale zilipoweza kutazamwa, na zimekwama pale zilipotaka kusikilizwa. Kani na Ntshona walikaribia kuuvunja mgawanyo huo mwaka 1975, lakini walipewa nusu ya kilichokuwa chao.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti wa Kiswahili. Mosi, tuzo za kigeni zisomwe kwa kipengele, si kwa jumla, kabla hazijatumiwa kama kipimo cha mafanikio ya sanaa ya Kiafrika. Pili, wanaokusudia kuanzisha tuzo za jukwaa katika Afrika Mashariki wajiulize kama vipengele hivyo vinafaa kunakiliwa. Sanaa ambayo mtunzi wake huimba, hucheza na kusimulia kwa wakati mmoja inahitaji kipimo kinachoweza kumwona mtu huyo akiwa mzima. Methali haikusema mcheza kwao hutuzwa maleba yake. Ilisema hutuzwa yeye.